Wiki Asiyotakiwa Kuja

Fundi wa lifti hakuwa mtu wa wivu, au ndivyo alivyopenda kujisema. Lakini Jumatano ile mchana aliuacha mkoba wake wa vifaa kwa bawabu, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne kwa miguu, ingawa lifti ya jengo lile ilikuwa nzima na aliyeitengeneza ni yeye mwenyewe. Hakutaka asikike anafika. Mtu anayekwenda kufumania hatangulizi kengele.

Alikuwa anakwenda kumfumania Chiriku.

Hilo la Chiriku si jina alilopewa na wazazi. Aliitwa hivyo tangu utoto kwa sababu ya mdomo wake usiotulia, na sasa, mwanamke mzima anayeshona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba ya dada yake, jina lilikuwa limemganda. Fundi alimpendea mdomo huohuo. Angeweza kukaa kando ya cherehani jioni nzima, anamsikiliza akiwasema wateja wanaopima madirisha yao kwa kukisia, kisha wanakuja juu kwamba pazia ni fupi. Alikwishatamka neno la ndoa, na mama yake alikuwa aje Jumapili kumwona mchumba.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kila baada ya wiki mbili tatu za raha, Chiriku alipotea. Simu hapokei. Ujumbe anajibu kwa neno moja. Ukienda mlangoni, dada mtu anakwambia ana kazi ya haraka, rudi Jumapili. Ikifika Jumapili, huyo hapo! Mdomo umekolea rangi, macho yanang'aa, anacheka kana kwamba hakuna lililokuwa.

"Mwanamke anayepotea kwa zamu, ujue kuna kwingine anakokwenda zamu," mama yake alimwambia asubuhi ile wakinywa chai. "Mimi sikukatazi kuoa, mwanangu. Nakukataza kuwa mume wa nusu mwezi."

Maneno yale yalimkwama. Alijaribu kuyasahau kazini, akashindwa, na hapo ndipo alipoamua kwenda siku ambayo hakualikwa.

Alibisha hodi. Dada mtu alifungua mlango kidogo, akajaa katika uwazi ule kama mtu anayezuia kuku wasitoke.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kulikoni leo?"

"Nilikuwa napita. Chiriku yupo?"

"Hayupo. Amekwenda kupima madirisha ya mteja."

Fundi alitazama chini. Ndara za Chiriku zilikuwa palepale kizingitini, zile zenye ukanda wa kijani alioushona mwenyewe ulipokatika.

"Amekwenda peku?"

Kabla dada hajapata uongo mwingine, sauti ilitoka ndani.

"Mwache aingie, dada. Amekwishapanda ngazi zote hizo."

Sauti ilikuwa ya Chiriku, lakini imepungua. Fundi aliisikia hivyo, na wivu ukampanda upya. Sauti ya mtu aliyetoka kulala, mchana kweupe, siku ya kazi! Alipita pembeni mwa dada akaingia.

Chumba kilikuwa kama alivyokizoea, isipokuwa cherehani ilikuwa kimya na kitambaa cha rangi ya maziwa kilikuwa kimeachwa juu yake, mshono katikati. Mapazia ya mfano yaliyoning'inizwa ukutani yalifika mpaka sakafuni. Macho ya Fundi yalikwenda huko kwanza. Yalipita chini ya pazia moja hadi jingine, polepole.

"Unatafuta miguu ya mtu?" Chiriku aliuliza.

Fundi aliendelea kutazama chini ya mapazia.

"Anza na lile la maua. Ndilo zito. Mimi ningekuwa mwanamume, ningejificha nyuma ya hilo."

Hapo ndipo alipogeuka akamwona. Alikuwa amelala kwenye godoro lililotandikwa chini ya dirisha, mito miwili mgongoni, blanketi mpaka kifuani ingawa nje kulikuwa na joto. Hakuwa na rangi ya mdomo. Midomo yenyewe ilikuwa imepauka, na kiganja alichokiinua kumkaribisha kilikuwa cheupe ndani, hakina hata dalili ya wekundu. Na alikuwa anahema. Hakupanda ngazi wala hakukimbia, lakini alikuwa anahema baada ya mzaha mmoja.

Hasira yote aliyoibeba ghorofa nne ilimwishia mikononi, akabaki hajui aiweke wapi mikono yenyewe.

"Una homa?"

"Sina homa. Sina damu." Alitabasamu kidogo. "Keti basi. Ukisimama hivyo inabidi nikutazame juu, na shingo inachoka."

Fundi aliketi sakafuni. Dada alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Usimwambie," dada alisema.

"Dada, macho anayo."

Akamwambia. Alimwambia kwa vipande vifupi, akipumzika katikati, yeye ambaye kwa kawaida hakuwa na nukta. Alisema ndani ya mifupa kuna uboho, na uboho ndio jiko la damu ya mtu. La kwake lilikuwa na hitilafu. Moto upo, wapishi wamo, sufuria haziteremki jikoni, lakini chakula hakiivi. Damu inatengenezwa mbichi, inaharibika kabla ya kutoka. Kwa hiyo anaongezwa damu ya watu. Akiongezwa anakuwa mtu: anashona, anacheka, anapanda ngazi. Kisha inashuka, siku baada ya siku, mpaka anafikia kulala hivi.

"Tangu lini?"

"Kabla hujanijua."

Fundi alikuwa mtu wa mashine, na mtu wa mashine akipewa vipande huviunganisha mwenyewe. Jumapili zile. Macho yale yanayong'aa.

"Kwa hiyo mnaniita ukishaongezwa," alisema.

"Ndiyo."

"Na ikishuka mnanifungia mlango."

"Ndiyo."

"Mimi najisifu kwa watu kwamba nina mchumba, kumbe nakuja kwa ratiba ya hospitali."

Chiriku aliangalia mikono yake.

"Mama yangu amesema una mwanamume," Fundi aliendelea, na sauti ikaanza kumkwaruza. "Nimekutetea mbele ya chai yake. Na njiani nimekuja namwamini yeye. Unajua hilo linauma vipi? Miezi yote hii unanitazama usoni unacheka, hujaniambia neno. Hujui wahenga walisema mficha maradhi..."

Akakoma. Methali ilikuwa imetoka nusu, na nusu iliyobaki ilimsimamia mdomoni. Angetoa chochote airudishe.

"Kifo humuumbua," Chiriku alimalizia kwa upole. "Malizia tu. Naijua. Dada naye aliwahi kuianza akaishia palepale."

Dada alitoka mlangoni akaja katikati ya chumba.

"Mlaumu mimi," alisema. "Yeye alitaka kukwambia wiki ya kwanza. Mimi ndiye niliyepanga lini uje na lini usije. Kabla yako alikuwepo mwingine. Huyo tulimwambia ukweli siku ya kwanza, tukamwekea na chai. Aliiacha ikapoa pale mezani. Hakurudi hata kuchukua mwavuli wake."

"Mwavuli mzuri," Chiriku alisema. "Tunautumia mpaka leo."

"Usicheke, mdogo wangu!"

"Nisipocheka nitafanya nini, dada?"

Dada aliketi kwenye kiti cha cherehani, akamgeukia Fundi, na sasa hakuonekana tena kama mlinzi wa mlango. Alionekana amechoka. "Kuna tiba ya kupandikizwa uboho wa ndugu. Nilipimwa. Tumbo moja, baba mmoja, mama mmoja, tumelala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa. Hatukulingana. Nikasema, basi, kama siwezi kumpa uboho, nitampatia mume. Nikasema akishaoa atazoea. Ndivyo nilivyofikiri. Haya, nimesema."

Aliinuka akaenda jikoni. Walimsikia anafungua bomba la maji bila kuosha chochote.

Fundi alisogea karibu na godoro. Alitaka kumshika mkono, akaogopa kama unauma.

"Hauumi," Chiriku alisema. "Ni mwepesi tu."

Aliushika. Ulikuwa wa baridi, lakini ni uleule.

"Daktari anasemaje? Kuhusu mbele."

"Hilo ndilo swali la watu wote, na yeye hapendi kulijibu kwa namba." Alipumzika. "Ananiambia jina la ugonjwa peke yake halisemi mengi. Anatazama jinsi damu inavyoshuka, na nahitaji kuongezwa mara ngapi. Wapo wanaokaa na upungufu wao miaka na miaka, hawajawahi kuongezwa. Hao njia yao huwa ndefu zaidi. Mimi mwanzo nilikuwa miongoni mwao. Kisha nikaanza kuongezwa mara chache. Sasa mara kwa mara. Na hiyo damu ya watu nayo inaacha chuma mwilini, chuma kinakwenda kukaa kwenye moyo na ini. Kwa hiyo namezeshwa dawa ya kuondoa chuma. Kuna dawa mpya wanataka kunijaribia. Inaweza kunikubali, inaweza isinikubali."

"Isipokukubali?"

"Basi siku zangu hazitakuwa nyingi kama za watu wengine. Nilimbana sana daktari mpaka akasema. Akaniambia nipange mambo yangu, lakini nisiyapange kama mtu anayekimbia mvua."

Fundi aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa karibu, na hakuwa mwanamume aliyefundishwa la kufanya nayo.

"Nilikuja kutafuta mwanamume," alisema. "Ningemkuta, ningejua pa kuanzia. Sasa damu nitapigana nayo vipi?"

"Hupigani nayo. Ndiyo maana sikutaka uje wiki hii."

Kisha jambo lilimjia Fundi, jambo dogo na la kijinga, lakini lilimjia kwa nguvu kuliko yote aliyoyasikia. Siku waliyojuana, lifti ya jengo hili ilikuwa imekufa. Yeye alikuwa chini anaihangaikia, na wapangaji walipita wananung'unika, wanapanda ngazi. Mwanamke mmoja tu, mwenye furushi la vitambaa, alikaa kwenye kibao cha bawabu tangu asubuhi mpaka alasiri, anamtazama anavyofanya kazi, anamwongelesha. Fundi alikuwa amewasimulia wenzake wote kisa kile. Mrembo aligoma kupanda ngazi kwa ajili yake! Karakana nzima ilikijua, na kila alipokisimulia alikitia chumvi.

"Siku ile ya lifti," alisema polepole. "Ulikaa pale kutwa nzima."

Chiriku aliuma mdomo.

"Ulikuwa hunitazami mimi."

"Nilikuwa nangoja lifti."

"Kutwa nzima?"

"Ningezipandaje ghorofa nne? Nilikuwa hivi hivi unavyoniona, ila nimejipaka rangi."

Fundi alicheka. Hakutegemea kucheka, na kicheko kilimtoka pamoja na yale machozi, ikabidi ajifute kwa mkono wa shati kama mtoto. "Nimewaambia watu wote. Nimemwambia mpaka mama. Nimesema huyu alinipenda kabla hajajua jina langu."

"Pole."

"Mimi mpumbavu."

"Fundi." Alimvuta mkono kidogo, kwa nguvu aliyokuwa nayo. "Siku ya kwanza nilingoja lifti. Kesho yake lifti ilikuwa nzima. Ulikuja kukaza nati gani sijui. Ulinikuta wapi?"

Alifikiri. "Kwenye kibao cha bawabu."

"Basi."

Walitazamana, na Fundi aliona kwamba macho yale hayakuwa yanang'aa kama ya Jumapili. Yalikuwa yamezama, yenye weusi chini yake. Akaona pia kwamba hajawahi kutazamwa hivi na mtu yeyote, na kwamba kwa miezi yote alikuwa ananyimwa mtazamo huu kwa nia njema. Alimpenda zaidi. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuwa na namna nyingine ya kulisema hata moyoni.

"Kubaki au kuondoka ni juu yangu," alimwambia. "Usiniamulie kwa kunifungia mlango. Na mimi nimekwishaamua. Jumapili mama atakuja kama tulivyopanga."

"Mama yako atakuja kumwona mwanamke mzima."

"Ukishaongezwa kabla ya Jumapili, utakuwa mzima."

"Unaona?" Chiriku alisema kwa huzuni. "Na wewe umeanza kama dada."

Lilimkata.

"Mpigie," Chiriku alisema. "Sasa hivi. Afadhali akatae anajua kuliko akubali amedanganywa."

"Atakataa."

"Basi atakataa. Mimi siwezi kumwita mama mtu ninayemficha midomo yangu."

Fundi alitoa simu. Aliiweka chini sakafuni kati yao, akafungua sauti kubwa ili Chiriku naye asikie. Kule jikoni bomba lilifungwa.

"Umemkuta?" mama aliuliza, hakungoja salamu.

"Nimemkuta."

"Na nani?"

"Na dada yake. Mama, anaumwa. Hiyo ndiyo zamu anayokwenda."

Akamweleza, vibaya, akiruka huku na kule, jiko na chakula na chuma, lakini mama alielewa. Alielewa upesi kuliko alivyotaka.

"Mwanangu," mama alisema, na ukali wote ulikuwa umemtoka. "Mimi nilimzika baba yako wewe hujaanza shule. Nakijua kitanda cha mtu mmoja kinavyokuwa kipana. Sikukulea uje ukijue na wewe. Mpe pole huyo binti. Mnunulie matunda. Kisha urudi nyumbani."

"Mama, anakusikia."

"Kama ananisikia, mbona hanisalimii?"

"Shikamoo, mama," Chiriku alisema.

"Marahaba, binti. Umesikia niliyoyasema. Sikuyasema kwa ubaya."

"Wala sikuyasikia kwa ubaya. Mama yangu angekuwa hai na mgonjwa angekuwa Fundi, angesema hayohayo, tena kwa makelele."

"Angekuwa na haki."

"Angekuwa nayo." Chiriku alivuta pumzi. Fundi alimwona anaikusanya, kama mtu anayekusanya senti za mwisho. "Mama, naomba nikuulize jambo. Ukiona nimevuka mpaka, nikate. Siku ulipomkubali baba yake Fundi, kama mtu angekunong'oneza kwamba hutazeeka naye, ungemwambiaje?"

"Swali gani hilo?"

"Naomba radhi, mama."

Mama hakumkata. Walisikia anavuta kiti, na walisikia anaketi. Dada alikuwa ametoka jikoni, amesimama na taulo mkononi, na hakuna aliyemtazama.

"Alinifuata muda mrefu yule," mama alianza. Sauti yake haikuwa ile Fundi aliyoizoea. Ilikuwa ya msichana fulani asiyemjua. "Akinisalimia, natazama kando. Akiniletea kitu, nakiacha mezani mpaka aondoke, asije akajiona. Akiuliza lini, nasema bado. Anarudi mwezi mwingine, nasema bado. Nilifundishwa kwamba msichana mwenye heshima hakubali haraka. Nilimringia miaka mitatu, binti. Miaka mitatu mizima, na yeye yupo, ana afya, anakuja kila jioni."

Alisita.

"Ningejua, ningemringia wiki moja tu."

Fundi aliziba macho kwa kiganja. Chiriku hakuziba yake. Aliyaacha yatiririke.

"Mama," Fundi alisema.

"Usiniite. Sijakubali bado. Nataka nilie kwanza, na silii mbele ya watu." Kisha, kabla hajakata: "Hiyo Jumapili nitakuja. Mwambie asijipake kitu."

Simu ilizima. Chiriku alikuwa anachezea ncha ya blanketi, anaikunja na kuikunjua kama pindo la pazia.

"Keshokutwa nakwenda kuongezwa damu," alisema bila kuinua macho. "Dada amekaa kwenye benchi lile miaka yote. Hajawahi kuniacha hata mara moja, na sijawahi kumruhusu mtu mwingine aje. Nipeleke wewe."

"Saa ngapi?" Fundi aliuliza.

Aliyejibu alikuwa dada.

"Asubuhi na mapema," alisema. Alikuwa ameinama, anazisogeza pembeni ndara za mdogo wake pale kizingitini ili viatu vya Fundi navyo vipate nafasi. "Na uje na sweta. Chumba kile kina baridi, na huyu yake huwa anaisahau."